Mihuri Tisa ya Ojok

Ojok alikuwa mtu wa kuwahi. Miaka ishirini na sita ya kuvaa sare ya askari magereza mjini Jinja ilimzoesha kufika dakika tano kabla ya zile dakika tano za kufika mapema, na hata baada ya kustaafu na kupanga vyumba viwili mtaa wa Walukuba, majirani walirekebisha saa zao kwa kumtazama akitoka kufagia uwanja. Alikuwa Mwacholi mrefu, mkimya, mwenye goti la kushoto lililomsumbua kila alipopanda mlima. Aliyemwona asubuhi akiwapa majani mbuzi wake wawili angesema mzee huyu amestarehe, hana neno na mtu.

Alikuwa na neno na mtu. Mtu huyo aliitwa Masaba, na kabla sijafika kwenye kisa cha kadi lazima niseme alimfanyia nini, maana bila hivyo mtamwona Ojok kuwa mzee mwenye roho mbaya, na mimi sitakubali.

Masaba alikuwa mkuu wake wa kazi. Kila Novemba, kuanzia mwaka 1981, Ojok alijaza fomu ya kuomba likizo ya siku thelathini, akaipeleka ofisini kwa mikono miwili na kusimama wima. Kila Novemba Masaba aliiandikia neno moja kwa wino mwekundu: HAPANA. Mara hali ya nchi si nzuri, mara wafungwa wamezidi, mara askari hawatoshi. Kumbe sababu ilikuwa matofali. Masaba alikuwa akijenga hoteli kwao Mbale, mtaa wa Nkoma, na kila kiangazi cha Desemba wafungwa walimfyatulia matofali kando ya kinamasi huku Jinja, kisha lori likayabeba. Tanuri lilihitaji msimamizi asiyelala, asiyechelewa na asiyeiba. Nani kama si Ojok? Uaminifu wake ndio uliomponza. Fomu kumi na moja, miaka kumi na moja, na Ojok hakuitupa hata moja.

Aliyeumia zaidi ni mkewe, Santa. Aliletwa Jinja akiwa bibi harusi, akaishi kwenye nyumba za askari mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka chanzo cha Nile, na hakuwahi hata siku moja kupanda mashua za pale. Baba yake, aliyekuwa mwanajeshi, alimsimulia utotoni habari za Sipi, ng'ambo ya Mbale, ambako mto mzima unajitupa kutoka juu ya mwamba. Santa hakuomba dhahabu. Alitaka kupanda mashua na mumewe, kisha waende wakayaone maji ya Sipi, basi. Alijishonea gauni la njano la likizo. Kila Novemba alilipiga pasi, na kila Desemba alilikunja akalirudisha sandukuni akisema, "Mwaka kesho, baba Racheal."

Februari 1992 homa ikamchukua kwa siku nne. Racheal, binti yao, aliyeolewa Lira, alifika mama yake akiwa amekwisha kufumba macho. Ojok alikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kusafirisha maiti kaskazini. Masaba aliandika siku tatu, akatia sahihi bila kuinua kichwa.

"Si unaona?" akasema. "Sasa umepata likizo yako."

Na Ojok alipiga saluti! Alipiga saluti kwa mazoea, kisigino kikagonga kisigino, akageuka akatoka. Saluti hiyo ilimuunguza miaka mitano. Alikuwa akiamka alfajiri anaikumbuka, anauchukia mkono wake mwenyewe. Santa walimzika na sare ya akina mama wa kanisani. Gauni la njano likabaki sandukuni, limekunjwa vilevile alivyolikunja.

Sasa twende kwenye kadi. Juni 1997 Ojok alikuwa akipita barabara kuu ya Jinja akisukuma baiskeli yake, akaona bango jipya ukutani. Ndani ya bango, amevaa suti ya kaunda, anacheka meno yote, Masaba! Yeye pia alikuwa amestaafu, na sasa alikuwa Mkurugenzi wa kampuni ya matembezi. Aliuza kadi ya kijani ya siku tatu: ukishainunua unapanda mashua, unaona maporomoko, basi linakupeleka Mbale, unalala hotelini kwake Nkoma, unapelekwa Sipi, hulipi kitu tena njiani. Juu ya kichwa chake yaliandikwa maneno makubwa mekundu: LIKIZO NI HAKI YA KILA MTU.

Ojok aliyasoma mara tatu. Damu ilimpanda hadi masikio yakapiga kelele. Angekuwa na nyundo angeubomoa ule ukuta mzima, na mimi ningemshikia baiskeli.

Hakuwa na nyundo, ila alikuwa na subira ya askari aliyezoea kusoma amri mpaka nukta ya mwisho. Aliomba karatasi ya masharti, akaenda nayo Walukuba, akakaa nayo siku kumi na miwani yake. Kadi ilikuwa na vyumba tisa vya mihuri, vinne vya Jinja na vitano vya Mbale. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba yeyote atakayekamilisha mihuri tisa ndani ya siku tatu, kwa saa zilizopangwa, atapewa kadi ya dhahabu ya mwaka mzima, yeye na mwenzake: basi, mashua, maporomoko, na chakula cha mchana kila siku mezani kwa Mkurugenzi.

Ojok alimjua Masaba kama anavyoijua harufu ya tanuri. Akatafuta mtego, akauona. Kwenye maporomoko ya Bujagali walipiga muhuri kabla ya saa mbili asubuhi tu, na gari la kampuni lilikuwa linaanza safari saa mbili. Kule Mbale, kituo cha juu ya mwamba wa Wanale kilifungwa saa mbili asubuhi, na hapo pia gari lilikuwa bado limeegeshwa hotelini. Wageni walikunywa chai taratibu, wakapanda gari, wakakuta mihuri imeshafungwa kabatini, wakacheka wakasema si kitu. Na hata angetokea mzungu mmoja mwenye miguu, Masaba angepoteza nini? Wiki ijayo mzungu yumo ndani ya ndege, na kadi yake ya dhahabu inabaki ya kuonyesha marafiki. Masaba aliahidi mwaka mzima kwa watu wa siku tatu. Hakuwaza kabisa kwamba kuna mtu wa Walukuba asiye na ndege ya kupanda, tena mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuamka.

Mwananchi alilipa nusu bei. Ojok aliuza mbuzi wote wawili. Lakini hakuanza siku hiyo, kwa maana siku tatu zilihesabiwa kuanzia muhuri wa kwanza, na mwenye akili hafungui kadi kabla hajajipanga. Kwanza alifanya mazoezi. Mara nne alikwenda Bujagali kwa baiskeli, saa mkononi, akijua ni wapi mteremko na ni wapi pa kushuka akokote. Saa yenyewe aliilinganisha na redio kila habari ya asubuhi. Siku ya mwisho alichukua mfuko wa kaki, akatia zile fomu kumi na moja na gauni la njano.

Siku ya kwanza alifika Bujagali mlinzi wa muhuri akiwa bado anapiga mswaki. Muhuri wa kwanza. Saa nne alikuwa kwenye chanzo cha Nile, wa pili. Nahodha wa mashua, Bogere, Msoga mnene mwenye maneno mengi, alimwona amekaa ukingoni mwa ubao, ameacha nafasi ya mtu upande wake.

"Mzee, sogea katikati, mashua italala upande," Bogere akasema.

"Hapa iko mutu," Ojok akajibu.

Bogere alitazama ile nafasi, akautazama mfuko wa kaki uliowekwa pale, akanyamaza. Huyo ni mtu ambaye hanyamazi hata kanisani. Aliwazungusha polepole kuliko kawaida yake, na waliporudi nchi kavu akampa Ojok mkono wa kushukia. Hadi saa kumi alasiri daraja la bwawa na gati la zamani vyote vilikuwa vimegongwa. Mihuri minne. Mzungu mmoja na mkewe wa mashua ileile, walioanza kadi yao siku hiyo, walikuwa na miwili, nao walifurahi tu.

Siku ya pili basi liliondoka saa kumi na mbili, Ojok akiwa kiti cha mbele. Mbale aligongewa kwenye mnara wa saa, akagongewa sokoni, na baada ya chakula gari likawapandisha hadi Sipi. Dereva alitoa dakika ishirini.

Ojok alikuwa amejiapiza hatalia. Alikuja kulipiza kisasi, si kutalii. Alipewa muhuri wake wa saba, akasimama kwenye nyasi mbichi, akayatazama maji yakishuka bila kukoma, meupe, na manyunyu yake yakimlowesha uso. Yalikuwa mazuri kuliko alivyosimulia baba mkwe. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, tena kilio cha hasira, meno yameumana, kwa sababu barabara ya kuja huku ilikuwa ya saa chache tu. Saa chache! Miaka yote ile wangeweza kuondoka asubuhi na kufika kabla jua halijatua. Alitoa gauni mfukoni, akalishika penye mabega mbele ya maji, mpaka dereva akapiga honi.

"Mama Racheal, ona," akasema kwa Kiacholi, akalikunja.

Usiku huo alilala Nkoma, katika chumba cha kadi, na ukuta wa chumba ulikuwa wa matofali yasiyopigwa lipu. Aliyatambua. Aliyagusa moja moja mpaka usingizi ukamchukua.

Saa kumi na moja alfajiri ya siku ya tatu alikuwa amekwisha kuivuka bustani ya mwisho ya mji na anaukabili Wanale. Mwamba ule unausimamia mji wa Mbale, na njia yake haina huruma na goti. Alipanda akishika mizizi, akasimama, akapanda. Vijana wa kwao mlimani waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi walimpa pole. Jua lilipopanda alikuwa bado chini ya kibanda, na saa yake ilisema moja na dakika arobaini.

Mtu akatokea juu, anateremka na begi begani, anapiga mluzi. Alikuwa Adrisi, mlinzi wa muhuri wa Wanale. Kumbe alizoea kufunga mapema, kwani ni nani aliyewahi kuja?

Ojok alivuta pumzi yote aliyobakiwa nayo.

"Wewe! Simama hapo!"

Katika nchi hii, Kiswahili, lugha ya askari, kikitoka kwa sauti ile, mtu husimama kwanza na kuuliza baadaye. Adrisi alisimama, visigino vimekutana.

"Afande?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa mbili kasoro dakika kumi na tisa, afande."

"Kituo inafungwa saa ngapi?"

Adrisi akameza mate. "Saa mbili. Lakini bosi mwenyewe alisema nishuke mapema, hakuna mtu anakuja."

"Mimi nimekuja. Rudi juu."

Walipanda wote wawili, Adrisi akimshika mzee kiwiko pale penye utelezi. Ndani ya kibanda Adrisi alifungua kopo la muhuri, akagonga. Karatasi ikabaki kijani tupu. Pedi ya wino ilikuwa imekauka kau, maana tangu kampuni ifunguliwe haikutumika hata mara moja. Adrisi alimtazama Ojok kwa hofu. Zilibaki dakika nne.

"Tema mate," Ojok akaamuru.

Adrisi akatema. Ojok naye akatema. Wakaisugua pedi kwa kidole, wakagonga tena, na alama ya zambarau ikatokea, imefifia upande mmoja lakini inasomeka. Muhuri wa nane. Adrisi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, bosi atanifukuza."

"Umefuata saa iliyoandikwa," Ojok akasema. "Hana la kukufanya."

Muhuri wa tisa ulikuwa wa Masaba mwenyewe, saa saba mchana, kwenye baraza ya hoteli. Alikuwa amekaa kichwani mwa meza ndefu, kitambaa cheupe shingoni. Walikuwepo wazungu sita, na mgeni wa heshima, diwani mmoja wa kata ya Industrial Division hapo Mbale. Ukutani nyuma yake yaliandikwa maneno yaleyale ya bango, na chini yake masharti yote ya kadi, kwa rangi, maana Masaba alijivunia. Ojok, suruali imejaa tope hadi magotini, alikuja akasimama mbele yake. Safari hii hakupiga saluti.

"Wewe nani?" Masaba akauliza.

"Ojok, afande. Ile ya matofali."

Masaba alikunja uso, kisha akacheka, akawageukia wageni. "Huyu mimi nilimfundisha kazi! Ojok! Umekuja tafuta kazi? Geti langu linataka mlinzi."

Ojok aliweka kadi ya kijani juu ya kitambaa cheupe cha meza. Masaba aliipitia kwa kidole, akihesabu kimoyomoyo, akitabasamu, na kidole kilipofika muhuri wa Wanale kikasimama.

"Adrisi amekupa hii?"

"Saa mbili kasoro dakika mbili, afande. Ulinifundisha kuwahi."

Masaba alishusha sauti. "Ojok, sikia. Hii kitu iko ya wageni. Mwananchi hapana."

Hapana! Neno lilelile. Ojok alinyoosha mkono kuelekea ukutani. Diwani, ambaye alikuwa ameshashiba na anatafuta la kufanya, aligeuza kiti akasoma kwa sauti: "Yeyote atakayekamilisha..." Yule mzungu wa mashua alielewa kilichotokea, akaanza kupiga makofi, na mkewe akafuata, na meza nzima ikafuata. Masaba akabaki na meno ya bango. Akachukua kalamu. Ilikuwa nyekundu. Akatia sahihi chumba cha tisa, kisha akatia sahihi kadi ya dhahabu, ambayo ilibidi wafute vumbi kwanza.

"Hongera," akasema kwa sauti ya kusikika. "Uwe unakuja siku mojamoja. Krismasi, hivi."

Ojok alifungua mfuko. Akatoa zile fomu, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, 1981, 1982, 1983, hadi ya kumi na moja, kila moja na HAPANA yake, na mwandiko ulikuwa uleule uliotoka kukauka kwenye kadi. Diwani aliinama akazisoma. Tabasamu likamtoka Masaba.

"Siku thelathini, mara kumi na moja," Ojok akasema. "Hiyo ni mia tatu na thelathini. Mwaka iko na mia tatu sitini na tano. Ile thelathini na tano nakuachia, upumzike."

"Ojok..."

"Basi lako linatoka Jinja saa kumi na mbili. Mimi huwahi."

Hajara, mhudumu wa meza mwenye jina lake kifuani, alikuja na bakuli la malewa, machipukizi ya mianzi yaliyoungwa kwa karanga, akauliza kwa adabu, "Mzee, nilete sahani ngapi?"

"Mbili. Mimi na mwenzangu."

Akavuta kiti kilichokuwa mkono wa kulia wa Masaba. Akatoa gauni la njano, akalikunjua, akalivisha mgongo wa kiti kwa uangalifu, akinyoosha mabega. Mikunjo ya miaka mitano ilionekana wazi. Hajara aliitazama meza, akatazama uso wa bosi wake, kisha akapakua sahani ya pili akaiweka mbele ya gauni, mvuke unapanda.

"Nani huyu?" Masaba akauliza, ingawa alikwisha kujua. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Santa. Unamjua. Ulimpatia siku tatu."

Masaba aliweka uma chini. Akaanza kuinuka.

"Keti, afande," Ojok akasema, bila ukali, akivuta sahani yake. "Imeandikwa mezani kwa Mkurugenzi. Bila wewe si halali."

Wageni wote walikuwa wanatazama. Masaba akaketi. Ojok alikula malewa yote, polepole, akafuta sahani kwa kidole. Ile nyingine ilipoa pale ilipo, hadi karanga zikaganda juu. Kisha akalikunja gauni, akakusanya fomu zake, akasimama.

"Sasa nimepata likizo yangu," akasema. "Zimebaki siku mia tatu ishirini na tisa. Hajara, kesho pia sahani mbili."